Boga Lina Mwenyewe

Jumapili, 27 Aprili

Mwanangu Lusekelo alinipa daftari hili la kalenda mwezi wa kwanza, akasema, "Mama, maneno yako ni mengi, mengine uwe unaandika." Akarudi zake Mbeya kwenye kazi yake ya umeme. Mimi nikaliweka juu ya kabati, likakaa huko mpaka Pasaka ikapita. Basi, leo nina neno.

Mvua ilianza kabla ya kengele ya pili, na bati la kanisa likapiga kelele hivi kwamba mahubiri yalisikika kwa kukisia. Mimi na watoto wa shule ya Jumapili tulikuwa kwenye chumba chetu cha nyuma, kile ambacho wazee wa kanisa wanaahidi kukipiga lipu tangu Lusekelo hajapata kipaimara. Somo lilikuwa la Samweli anapoitwa na Bwana. Likaisha, mvua haijaisha. Watoto wakaanza kusukumana kwenye mabenchi, mmoja akamvua mwenzake kitambaa cha kichwa. Nikaona hapa bila hadithi tutatoka na majeruhi.

"Hadithi, hadithi!" nikasema.

"Hadithi njoo! Uongo njoo! Utamu kolea!" Walijibu kwa nguvu zote, nadhani walisikika hadi stendi ya Nyololo.

Nikawapa hadithi ya boga. Nusu ni ya marehemu mama yangu, aliyekuwa akitusimulia kule Tukuyu tukipukuchua mahindi. Nusu niliitunga palepale. Mama mmoja alipanda boga mlangoni, akamwambia binti yake, "Nilindie, nakuja," akavuka mto kwenda kutafuta chumvi. Nyuma yake mto ukajaa. Akaja fisi akaomba boga kwa maneno laini. Akaja askari wa mtemi akalidai kwa amri. Likaja zimwi lenye jicho kisogoni, likalidai kwa vitisho. Wote binti aliwaimbia jibu moja: boga lina mwenyewe, mwenyewe yuko njiani. Mwisho maji yakapungua, mama akafika na chumvi yake, wakapika, wakala.

Watoto walicheka sana kwenye jicho la kisogoni. Eveline, mjukuu wa Bibi Tekla, hakucheka.

"Mwalimu, alichelewa sana?"

"Nani?"

"Yule mama."

"Mto ulijaa, mwanangu."

"Lakini alikuja."

"Alikuja."

Nimefika nyumbani, nimevua viatu, ndipo nikakumbuka. Mama Eveline aliondoka Desemba kwenda kulima vitunguu Ruaha Mbuyuni, akamwacha mtoto kwa bibi yake. Jamani, mdomo wangu huu.

Jumatatu, 28 Aprili

Mvua. Nimefua, hakuna kilichokauka.

Ijumaa, 2 Mei

Mwinjilisti Jailos amekuja nyumbani. Huyu aliletwa kwenye mtaa wetu mwaka jana, ni mwembamba, anatembea na mwavuli hata jua likiwaka, na viatu vyake vyeusi vinang'aa kwenye tope la Mei kwa namna ambayo sijawahi kuielewa. Nikamkaribisha chai. Mume wangu Amos alikuwa uani anachonga mpini wa jembe, mlango uko wazi, masikio yako ndani.

"Mama Lusekelo," akasema, "Jumapili nimesikia watoto wakiita uongo uje. Ndani ya nyumba ya Mungu."

"Ni namna ya kuanzia hadithi tu, Mwinjilisti. Hata wewe uliitikia hivyo ukiwa mtoto."

"Niliitikia jikoni kwa bibi yangu. Sikuitikia kanisani." Akaweka kikombe chini. "Mimi sina ugomvi na fisi. Ila fikiria, mwalimu. Saa tatu unamwambia mtoto Yesu amefufuka. Saa nne, kwa mdomo uleule, unamwambia fisi ameongea. Yeye atajuaje kipi ni kipi? Siku akigundua fisi haongei, atabaki na nini?"

Na mtu akinikosesha jibu ndani ya nyumba yangu, chai ya pili simwongezi.

Amesema hanikatazi, ananiomba tu nisimamishe hadithi mpaka wazee wa kanisa wakae, nao watakaa baada ya mavuno. Nikamwambia, "Umeomba, nimesikia." Alipotoka Amos akaingia anacheka mpaka anashika mlango.

"Mwalimu wa uongo," akaniita. "Chakula kipo, au nacho ni hadithi?"

Nimempa viazi vya jana.

Jumapili, 4 Mei

Nimejaribu kutii kwa namna yangu. Nikawaambia watoto, leo tunaitikia hivi: "Hadithi njoo, ukweli njoo, utamu kolea." Wakaitikia kama wagonjwa. Halafu Danieli mdogo akanyoosha mkono: "Mwalimu, kama ukweli unakuja, zimwi litakuja kweli?" Msichana mmoja akaanza kulia. Nikaacha, tukaimba mapambio mpaka wakubwa walipotoka.

Jumatano, 7 Mei

Ukungu mpaka saa sita. Pombe ya ulanzi imekata, Amos ana huzuni.

Jumamosi, 10 Mei

Nimekwenda kwa Bibi Tekla kumpelekea mbegu ya njegere. "Kamwene," akanipokea kwa Kibena, akanipa kigoda, na mara akaanza kunisema. Kwao, alisema, mtoto akisimuliwa hadithi mchana anaota pembe, sasa mimi nasimulia asubuhi tena kanisani, nataka kumharibia mjukuu? Nikamwambia amkague. Akacheka. Bibi Tekla akicheka unaona meno yote aliyobakiwa nayo, nampenda sana kwa hilo.

Halafu akanionyesha. Karibu na mlango wa jiko, pembeni ya mahindi, kuna boga. Ni kubwa, limeegemea ukuta. Eveline amelizungushia fito na miiba kuzuia nungunungu, ambao wamekwisha kula mengine yote shambani. Boga hilo mama yake ndiye aliyelipanda, wiki ileile ya kuondoka.

Mimi nilikuwa sijui, Mungu ni shahidi yangu. Ningejua, ningesimulia hadithi ya muhogo.

"Sasa sikiliza mambo," Bibi Tekla akasema. "Nungunungu walipomaliza yale mengine, niliweka nadhiri. Nikasema, Bwana, hili likipona nitalileta mwenyewe kwenye sikukuu ya mavuno. Limepona. Huyu mtoto anasema halitoki."

Eveline alikuwa amekaa kwenye jiwe, anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Bibi, lina mwenyewe," akasema taratibu.

Wote wawili wakanitazama mimi. Nikatazama njegere.

Bibi alinisindikiza hadi kwenye mti wa mvinje ulio njiani. Akanong'ona kwamba simu ya mama Eveline haipatikani tangu wiki ya Pasaka. Hata kwa Hanifa dukani, ambako huwa anapiga akimkosa bibi, hajapiga. "Mtoto sijamwambia," akasema. "Anadhani mama ana kazi nyingi."

Jumapili, 11 Mei

Nimemweleza Amos yote. Akafikiri, akasema, "Kamwambie mtoto ile ni hadithi tu. Kabla hajaumia."

"Siwezi."

"Kwa nini? Unaogopa Mwinjilisti atasema alikuambia?"

"Hilo pia. Lakini nikimwambia boga la hadithi ni uongo, yeye atasikia kwamba mama yake haji. Na mimi sijui kama haji."

Amos akachukua mpini wake. Nimeomba jioni hii kwa ajili ya mama Eveline, kwa Kinyakyusa, ambacho ndicho ninachoombea mambo mazito.

Alhamisi, 22 Mei

Mvua imekata kweli sasa. Baridi imeingia, asubuhi majani ya maboga yamekauka na boga la Eveline limebaki peke yake linaonekana toka barabarani.

Dereva wa lori la mbao alisimama, akataka kulinunua. Eveline akamwimbia wimbo wote, pamoja na sehemu ya fisi. Dereva alicheka, akamnunulia biskuti, akaondoka. Kufika jioni habari ilikuwa stendi nzima. Nilikuwa dukani kwa Hanifa, kijana mmoja akashika soda ambayo hajailipia, Hanifa akampiga kofi dogo la mkono: "Soda ina mwenyewe, mwenyewe yuko hapa." Watu wakacheka. Hanifa wazee wake walitoka Kilwa, hadithi anazijua kuliko mimi.

"Amepiga?" nikamuuliza pembeni.

"Hajapiga, Mama Lusekelo. Simu hii silali nayo mbali. Akipiga nitakuja mwenyewe mbio, na unene wangu huu."

Jumapili, 8 Juni. Pentekoste

Ibada nzuri. Kwaya ya vijana wamevaa sare mpya. Mwinjilisti amehubiri kuhusu wanafunzi kungoja Yerusalemu. Walikuwa wameambiwa tu, hawakuwa na kitu mkononi, wakangoja. Amehubiri vizuri, lazima niseme, ingawa sikutaka. Nilimwona Eveline benchi la mbele amekodoa macho.

Baadaye uani nikasikia Mwinjilisti anamuuliza Bibi Tekla juu ya mama Eveline. Bibi akajibu kwa Kibena, naye akaitikia kwa Kibena, sikupata yote. Nilipata "vitunguu" na nikamwona Mwinjilisti anatikisa kichwa. Nilidhani anasema mambo ya hadithi zangu. Nikapita bila kusalimia.

Jumamosi, 21 Juni

Tumeanza kuvuna mahindi. Mgongo.

Jumanne, 24 Juni

Mahindi. Eveline alikuja kutusaidia kumenya, mikono yake ni myepesi. Akaniomba hadithi. Nikasema Mwinjilisti ameomba tungoje. Akasema, "Basi mimi nakusimulia." Akanisimulia ya boga tangu mwanzo, na ameongeza mtu: dereva wa lori. Ni bora kuliko yangu.

Jumamosi, 5 Julai

Kesho ni sikukuu ya mavuno. Leo akina mama tulikuwa kanisani tangu saa nne tukipamba, tumefunga mabua ya mahindi kwenye nguzo na kupanga viazi, ndizi na vikapu vya maharage mbele ya madhabahu. Kila nyumba huleta cha kwanza au cha kupendeza, kinawekwa wakfu, kisha baada ya ibada kinapigwa mnada hapo nje na fedha inaingia kanisani.

Saa kumi hivi Bibi Tekla akaingia na boga kichwani.

Nikaacha mabua. "Bibi, Eveline anajua?"

"Yuko mashine, anasaga." Akalitua taratibu chini ya msalaba, akalifuta vumbi kwa kanga yake. "Usinitazame hivyo, Mama Lusekelo. Niliahidi. Nikianza kumdanganya Mungu kwenye uzee huu, huyo mtoto nitamfundisha nini?"

"Na yeye aliahidi mama yake."

"Najua." Akakaa kwenye benchi kama mtu aliyebeba zaidi ya boga. "Najua, mwanangu. Ungekuwa wewe ungemvunjia nani ahadi?"

Mwaka huu kila mtu ananiuliza maswali. Nilikaa naye, tukalitazama boga hadi wenzetu walipoanza kutuita wavivu.

Jumapili, 6 Julai. Mavuno

Naandika mchana huu kabla sijala, nisije nikasahau hata neno moja.

Asubuhi jua zuri, baridi kali. Eveline aliingia kanisani ameshika mkono wa bibi, macho yamevimba. Alikuta mlango wa jiko mtupu jana jioni, na bibi akamwambia ukweli wote. Hakupiga kelele. Alikaa benchi la watoto akilitazama boga lake ibada nzima, kana kwamba akipepesa macho litaondoka. Mimi sikusikia mahubiri hata kidogo.

Tukatoka nje. Mnada huendeshwa na Mwinjilisti, na hapo ndipo watu wa madhehebu yote hukusanyika, hata Hanifa hufunga duka. Maana Mwinjilisti Jailos mwenye mwavuli, ukimpa kitu cha kunadi, anakuwa mtu mwingine. Akamwinua jogoo wa kwanza.

"Ndugu zangu! Mwoneni jogoo huyu! Juzi amewika, watu wa Makambako wakaamka wakavaa nguo za kanisa! Huyu hali pumba, anakula Zaburi! Nani anaanza?"

Na katikati ya wale watoto, sauti ya Danieli ikapanda:

"Uongo njoo!"

Uwanja mzima ukajibu. Wazee wa kanisa, kwaya, Hanifa, mume wangu Amos juu ya wote: "Utamu kolea!"

Mwinjilisti aliganda na jogoo mkononi. Akanitafuta kwa macho, akaniona. Sikucheka. Niliuma midomo mpaka machozi yakatoka, lakini sikucheka. Yeye ndiye aliyeanza, mabega kwanza, halafu jogoo akatikisika, halafu watu wote hoi. "Basi," akasema akipangusa macho, "amewika kidogo tu. Nani anaanza?"

Tuliuza jogoo, viazi, mikungu ya ndizi. Halafu vijana wawili wakaleta boga, wakaliweka mezani.

Eveline akatoka kwenye watoto wenzake. Alitembea mpaka kwenye meza, akaweka mkono juu ya boga. Watu wakadhani ni mchezo, wengine wakaanza kuimba wimbo wake. Walipomwona uso wakaacha.

"Lina mwenyewe," akasema. "Mwenyewe yuko njiani."

Bibi Tekla alikuwa amejifunika uso kwa kanga. Mwinjilisti akashuka pale alipokuwa amesimama, akachuchumaa mbele ya mtoto, na viatu vyake vile kwenye vumbi.

"Mwanangu," akasema kwa upole, lakini wote tulisikia, "ile ni hadithi ya mwalimu. Ni nzuri, lakini ni hadithi. Fisi haongei."

Eveline akamtazama kwa mshangao.

"Najua fisi haongei," akasema. "Mwalimu ndiye alisema fisi ameongea. Mama ndiye alisema anarudi. Mama anaongea."

Hakuna aliyecheka. Mwinjilisti alibaki amechuchumaa. Nadhani alikuwa anasikia swali lake la mwezi Mei likijibiwa, nami nilikuwa nalisikia, na aliyejibu alikuwa hajui kwamba liliulizwa. Mtoto alijua kipi ni kipi siku zote. Kwangu alichukua wimbo tu. Kungoja alikuwa nako.

"Njia ipi?" Mwinjilisti akauliza mwishowe. "Mama yuko njia ipi?"

"Ya Ruaha Mbuyuni."

Akasimama, akajifuta magoti. "Ndugu zangu," akasema, na sauti yake ya mnada haikuwapo, "hili limetolewa kwa Mungu, Bibi Tekla ametimiza nadhiri, siwezi kulirudisha bure. Nalinadi."

Amos wangu akawa wa kwanza. Akataja bei, akalipa, akasema, "Narudisha mnadani." Hiyo ni kawaida yetu, unanunua kitu, unakirudisha kiuzwe tena kwa ajili ya Mungu. Hanifa akanunua, akarudisha. Mwenyekiti wa kwaya akanunua, akarudisha. Yule dereva wa lori, sijui alitokea wapi, akanunua na kurudisha. Boga liliuzwa mpaka watu wakaishiwa. Wa mwisho alikuwa Mwinjilisti mwenyewe. Akatoa kilichokuwa mfukoni mwake chote, akaweka kwenye kikapu, akalibeba boga kwa mikono miwili na kumpa Eveline.

"Limelipiwa," akamwambia. "Mungu amepata lake. Sasa katunze la mama."

Bibi Tekla alilia kwa sauti. Mimi pia nililia, sina haja ya kuficha. Nilimlilia Bibi Tekla ambaye hakumvunjia mtu, na nilimlilia Mwinjilisti kwa sababu nimemchukia tangu Mei na leo nimeshindwa.

Jumatatu, 7 Julai

Hanifa anasema Mwinjilisti ameonekana stendi alfajiri na mwavuli wake na mkoba mdogo, amepanda basi la kwenda Iringa. Hakumwambia mtu.

Jumatano, 9 Julai

Mwinjilisti hajarudi. Ibada ya katikati ya wiki imeongozwa na mzee Isakwisa, ambaye anasoma kila kitu pamoja na namba za aya.

Alhamisi, 10 Julai

Nilikuwa kwa Bibi Tekla, tunapukuchua mahindi kwenye turubai, mimi, bibi na Eveline. Jua la saa nane. Boga lilikuwa limekaa ndani juu ya dari ya jiko, pale moshi unapofika, lisioze.

Kwanza niliuona mwavuli. Ulikuwa unakuja kwenye njia ya miguu kutoka barabarani, na chini yake viatu vya Mwinjilisti, ambavyo kwa mara ya kwanza vilikuwa vichafu. Nyuma yake alikuja mwanamke amejitanda kanga hadi usoni, ana kifurushi kidogo cha plastiki na hana kingine chochote.

Alisimama kwenye mvinje, hakuja zaidi. Mwinjilisti akamwambia kitu, mwanamke akatikisa kichwa. Baadaye ndipo tulijua mambo yote: vitunguu vilioza shambani kwa mvua ileile iliyokuwa inapiga bati letu, simu akaiuza, na aibu ikamshika. Aliondoka akisema atarudi na kila kitu, atarudije mikono mitupu? Mwinjilisti alimtafuta shamba kwa shamba. Alipomkuta hakumhubiria, anasema. Alimweleza habari za mnada tu, jinsi boga lilivyouzwa na kurudi, na alipofika kwa "mama anaongea" yule mwanamke akaenda kufunga kifurushi.

Lakini wakati ule hatukujua hayo. Tuliona mtu kwenye mvinje.

Bibi Tekla akaanza kuinuka. Mimi nikamgeukia Eveline, nikitegemea akimbilie kwa mama yake. Hakukimbilia kwa mama. Alitazama kitambo, akageuka, akaingia jikoni mbio. Tukasikia kigoda kinaanguka, tukasikia anahema, halafu akatoka amelikumbatia boga, kubwa kuliko kifua chake, hata mbele haoni.

"Eveline, taratibu!" bibi akapiga kelele.

Kabla hajafika turubai, akajikwaa. Boga likamponyoka, likagonga jiwe lake la kuchambulia maharage, likapasuka vipande viwili. Mbegu zikatawanyika kwenye mahindi yetu.

Nilishika mdomo. Mwinjilisti alisimama na mwavuli umeinama. Miezi yote ile, nungunungu, dereva, nadhiri, mnada, halafu hivi. Mama Eveline alitoa kilio kidogo pale mvinjeni, akaanza kuja, kwanza polepole, halafu mbio, kanga ikaanguka njiani.

Eveline alikuwa amekaa chini kwenye maganda, magoti yamechubuka. Alilitazama boga. Akamtazama mama yake anavyokuja. Akacheka kicheko ambacho sikuwa nimekisikia kwake tangu Desemba.

"Si amefika," akasema. "Acha lipasuke."

Tulilipika lote. Mwinjilisti alikula na sisi, akaongezewa, na kwa mkono wangu.

Ijumaa, 11 Julai

Nimelala mpaka saa mbili. Amos alikoroga uji mwenyewe. Ulikuwa na mabonge, nimeunywa wote.

Jumapili, 13 Julai

Wazee wa kanisa hawakukaa. Mwinjilisti amewaambia jambo lile hana tena haja nalo.

Shule ya Jumapili leo ilijaa. Mama Eveline alikuwa mlangoni na wazazi wengine, na kila mtoto alikuwa amepewa mbegu moja ya boga, Eveline ndiye aliyezigawa. Nikafundisha somo langu la Samweli upya, maana lile la Aprili lilimezwa na mvua. Nilipomaliza, mlango ukafunguliwa, Mwinjilisti akaingia, akafunga mwavuli, akakaa kwenye benchi la watoto na magoti yake yakafika kidevuni.

Nikavuta pumzi.

"Hadithi, hadithi!"

"Hadithi njoo!" wakajibu, na sauti yake ilikuwamo.

"Uongo njoo!" wakasema watoto. Nilikuwa namtazama. Hapo alifunga mdomo kabisa, akaangalia darini.

"Utamu kolea!" Na hapo, nasema kweli, alishinda watoto wote.